Dirisha la Chapeo: Namna ya Kuyakinga Macho ya Fundi Chuma

Makambako ni mji wa njia panda. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo sambamba na barabara kuu iendayo Zambia, na hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kuelekea kusini. Mahali penye njia panda hapakosi kazi ya chuma. Trela limepasuka fremu, lori la mbao limevunjika ubavu, mwenye nyumba anahitaji geti na nondo za madirisha, mkulima wa viazi kutoka pande za Kitulo ameleta jembe la kukokotwa lililokatika. Kazi hizo zote huishia mikononi mwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea na mashine ya kusagia chuma, ile ambayo mafundi huiita grinda.

Katika karakana za namna hiyo, kipo kifaa kimoja ambacho mara nyingi fundi hujitengenezea mwenyewe, nacho ni kinga ya uso. Aghalabu huwa ni kipande cha bati au ubao kilichokatwa tundu, na kwenye tundu hilo hupachikwa kioo cheusi. Wengine hutumia miwani ya jua tu. Wengine hawatumii chochote, ila hufumba macho wakati wa kuwasha moto na kugeuza uso pembeni. Saidia fundi, kijana anayeshika chuma kisisogee, aghalabu huachwa bila kinga ya aina yoyote, ingawa uso wake uko karibu na moto sawasawa na uso wa bwana wake.

Makala haya yanaeleza jinsi kinga ya macho inavyopaswa kubuniwa ili imfae mtu anayeitengeneza kwa mkono. Swali la msingi ni moja tu: tundu la kuonea liweje, ili mtu aone kazi yake na wakati huo huo kisipenye kitu cha kumdhuru?

Tatizo la Kale

Swali hilo si geni. Mafundi wa Ulaya wa Zama za Kati walilikabili walipofua chapeo za askari wapanda farasi. Chapeo kubwa za karne ya 13 zilifunika kichwa chote, na macho yakaachiwa ufa mwembamba uliokwenda upande hata upande. Baadaye, katika karne ya 15, kwa ajili ya mchezo wa kushindana kwa mikuki juu ya farasi, ilibuniwa chapeo yenye mdomo uliochomoza kama wa chura. Mpanda farasi aliinama mbele ili aone njia kupitia ufa wa juu. Mkuki ulipokaribia, aliinua kichwa, na mdomo wa chapeo ukaziba njia ya macho. Kwa nukta hiyo hakuona kitu, lakini pia hakuna ncha iliyoweza kuyafikia macho yake.

Tarehe 30 Juni 1559, mjini Paris, Mfalme Henri II wa Ufaransa alikuwa akishindana kwa mikuki katika sherehe. Mkuki wa mpinzani wake ulivunjika, na vibanzi vya mti vikapenya kwenye tundu la kuonea la chapeo yake. Mfalme alifariki tarehe 10 Julai. Chapeo ile ilikuwa imara vya kutosha kuzuia ncha ya mkuki mzima, lakini tundu lake halikuweza kuzuia kibanzi. Hilo ndilo fundisho la kwanza kwa fundi wa Makambako au Njombe: kinga hupimwa kwa kitu kidogo kabisa kinachoweza kuruka, wala si kwa kile kikubwa kinachoogopwa zaidi.

Hesabu ya Ufa

Fundi anaweza kujua atakachokiona kupitia tundu lake kwa hesabu nyepesi. Agawe upana wa tundu kwa umbali uliopo kati ya jicho na tundu, kisha azidishe jawabu kwa umbali uliopo kati ya jicho na kazi.

Chukulia ufa wenye urefu wa kwenda juu wa milimita 10, uliowekwa milimita 30 mbele ya jicho, na kazi iwe umbali wa milimita 400. Jicho litaona eneo la kwenda juu la milimita 133 hivi, yaani sentimita 13, na hilo latosha kwa kazi nyingi. Sasa ufa huo huo usogezwe mbele hadi milimita 100 kutoka kwenye jicho. Eneo litakaloonekana litapungua hadi milimita 40 tu, na fundi atakuwa kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo.

Kwa hiyo, kadiri tundu linavyokuwa karibu na jicho, ndivyo linavyoweza kuwa dogo bila kumnyima mtu uwezo wa kuona. Wafuaji wa chapeo waliijua siri hiyo kwa uzoefu. Lakini ukaribu nao una gharama zake. Kioo kilicho karibu mno hugusa kope, huloweshwa na pumzi, na kikipigwa kwa nguvu hakina nafasi ya kubonyea kabla ya kuufikia uso. Ndiyo sababu kinga za kisasa za kuchomelea huweka kioo mbali kiasi na macho, na badala yake hupanua dirisha. Kipimo kimojawapo kilichoenea sana cha kioo cheusi ni milimita 108 kwa 51. Kikiwekwa milimita 60 mbele ya jicho, fundi huona eneo la kwenda juu la sentimita 34 hivi kwenye kazi yake.

Dirisha pana namna hiyo haliwezi kuachwa wazi. Hapana budi lizibwe kwa kitu kinachopitisha mwanga na kuzuia madhara. Ni kitu gani? Jibu hutegemea kinachoruka.

Wavu na Mipaka Yake

Njia mojawapo ni kuziba dirisha kwa wavu wa chuma. Wavu hauvunjiki kama kioo, haupati ukungu, na hupitisha hewa. Wachezaji wa vitara hutumia vinyago vya wavu, na kanuni za mchezo huo zinataka nafasi kati ya nyaya isizidi milimita 2.1, na unene wa kila waya usipungue milimita 1. Hata hivyo wavu nao waweza kushindwa. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Roma, kitara cha mpinzani wa bingwa wa Kisovieti, Vladimir Smirnov, kilivunjika, na ncha ya kipande kilichobaki ikapenya kinyago chake. Smirnov alifariki siku chache baadaye. Baada ya msiba huo, kanuni za ubora wa vinyago na vitara zilikazwa.

Katika mashamba ya miti ya Njombe, wavu una mahali pake. Mtu anayekata misonobari kwa msumeno wa mnyororo hurukiwa na vipande vya mti ambavyo vingi ni vikubwa kuliko tundu za wavu, na hutokwa jasho jingi, hata plastiki ingemfumba macho kwa unyevu. Kwa kazi hiyo kinga ya wavu hutumika duniani kote.

Lakini wavu huo huo ukipelekwa kwa mtu wa grinda utamdanganya. Chembe zinazorushwa na jiwe la kusagia nyingi ni ndogo kuliko milimita 1. Zitapita katikati ya nyaya kama nzi anavyopita kwenye wavu wa kuvulia samaki. Mtu aliyevaa wavu mbele ya grinda amevaa kinga ya kibanzi ilhali adui yake ni chembe.

Nguvu ya Chembe Ndogo

Huenda mtu akauliza, chembe ndogo kama hiyo ina nguvu gani? Jibu limo katika mwendo wake. Jiwe la grinda kubwa lenye kipenyo cha milimita 230 huzunguka hadi mara 6,650 kwa dakika. Ukingo wake basi husafiri kwa kasi ya mita 80 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 290 kwa saa. Kipande cha jiwe kinachomeguka ukingoni huondoka kwa kasi hiyo hiyo.

Nishati ya kitu kinachokwenda haiongezeki kwa kiwango sawa na kasi yake, bali kwa kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Katika viwango vya Ulaya, miwani ya kazi hupigwa kwa gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 6 na uzito wa gramu 0.86. Miwani ya kawaida ya kazi hupigwa kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde. Miwani mizito inayoziba pande zote yaweza kupimwa kwa mita 120 kwa sekunde. Na kinga ya uso mzima hadi mita 190. Kutoka 45 hadi 120 kasi haijafikia hata mara tatu, lakini nishati imekwisha kuongezeka mara saba. Ndiyo sababu miwani inayofaa kwa kugongelea misumari haimfai mtu wa grinda, na hata aliyevaa kinga ya uso mzima hushauriwa kuvaa miwani chini yake.

Kioo cha dirisha hakiwezi kuhimili mapigo hayo. Kikivunjika hutoa visu vidogo vidogo, na visu hivyo huelekea mahali pale pale palipokusudiwa kulindwa. Plastiki ngumu ya akriliki, ingawa hung'aa kama kioo, nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Kifaacho ni plastiki iitwayo polikaboneti. Hiyo ikipigwa hubonyea na kurudi, badala ya kupasuka. Isitoshe, ingawa ni angavu kabisa, huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Udhaifu wake ni kwamba huchubuka upesi na huharibiwa na petroli na vimiminiko vya kusafishia rangi. Ioshwe kwa maji na sabuni, isipanguswe kwa kitambaa kikavu chenye vumbi la chuma.

Fundi asiyejua kipande chake cha plastiki ni cha namna gani anaweza kukijaribu. Akate sampuli, aiweke kwenye fremu kama itakavyokaa, kisha aiangushie gololi ya beringi yenye kipenyo cha milimita 25 hivi kutoka urefu wa sentimita 127. Jaribio la kiasi hicho hutumika katika viwango vya Marekani kwa lenzi za kawaida. Sampuli ikipasuka, plastiki hiyo haifai kabisa. Isipopasuka, hiyo si hati ya ubora, kwani gololi hiyo huanguka polepole kuliko chembe ya grinda. Ni dalili tu kwamba fundi hajaanza vibaya. Sampuli iliyokwisha kupigwa itupwe, isivaliwe.

Namna ya kupachika nayo ni muhimu kama plastiki yenyewe. Plastiki iingizwe kwenye fremu kutoka mbele, nyuma yake pawe na ukingo wa kuizuia. Ikipigwa, itasukumwa na kuegemea ukingo. Ikipachikwa kutoka ndani na kushikiliwa kwa vibanio tu, pigo litaing'oa na kuipeleka machoni.

Hatari Isiyoonekana

Hadi hapa limezungumzwa jambo la vitu vinavyoruka. Kuchomelea kwa umeme huongeza adui wa pili, nao ni mwanga wenyewe. Mmeto wa umeme, ambao wataalamu huuita tao, hutoa mwanga mkali unaoonekana, joto la mionzi ya infraredi, na mionzi ya urujuanimno isiyoonekana.

Wakazi wa nyanda za juu wanaijua mionzi hiyo bila kuijua kwa jina. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko, mionzi ya urujuanimno ya jua huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Kwa hiyo mchunga ng'ombe wa Kitulo, ajapokuwa amejifunika blanketi kwa baridi, hupata mionzi hiyo kwa takriban robo zaidi kuliko mtu wa Dar es Salaam chini ya anga safi ya namna moja. Kofia pana na miwani bora ya jua humfaa sana, kwani kupigwa na mionzi hiyo kwa miaka mingi ni sababu mojawapo ya mtoto wa jicho.

Lakini jua la Kitulo lafanya kazi yake kwa miaka. Tao la umeme hufanya kazi hiyo kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 1, mtu asiye na kinga aweza kupata kiasi cha kuumiza macho kwa muda usiozidi dakika moja. Kinachoumia ni konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho. Ubaya wake ni kwamba maumivu hayaji papo hapo. Huanza baada ya saa 6 hadi 12, aghalabu usiku wa manane, na mgonjwa huhisi kana kwamba macho yamejaa mchanga. Kwa sababu hiyo fundi huenda nyumbani akiwa mzima, akidhani kufumba macho wakati wa kuwasha kumemsaidia. Hajui kwamba kila mara alipochelewa kufumba, alikuwa akijiwekea akiba ya maumivu.

Vioo vya kuchomelea hupewa namba kwa kiasi cha mwanga vinachozuia. Namba ikipanda kwa moja, mwanga unaopita hupungua takriban mara 2.7. Kwa kuchomelea kwa elektrodi kwa umeme wa ampea 60 hadi 160, namba inayopendekezwa ni 10. Kwa ampea 160 hadi 250 ni 12. Kioo namba 10 hupitisha sehemu 1 tu katika kila sehemu 7,200 za mwanga. Miwani nyeusi ya jua hupitisha sehemu 8 hadi 18 katika kila 100. Maana yake ni kwamba miwani ya jua hupitisha mwanga karibu mara elfu moja zaidi ya kile kinachotakiwa. Hata miwani halisi ya kuchomelea kwa gesi, yenye namba 5, ikitumiwa kwa umeme hupitisha mara 140 zaidi ya kioo namba 10.

Jambo hili lilihitaji kukumbukwa pia tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, na watu wakakusanyika Rujewa wilayani Mbarali, si mbali na Makambako, ili kulitazama. Kulitazama jua lenyewe kunahitaji kioo cha kuchomelea kisichopungua namba 12. Kioo kilichopakwa masizi au filamu ya eksirei vyaweza kupunguza mwanga unaoonekana, na bado vikaruhusu mionzi isiyoonekana kupita. Visivyofaa kwa jua havifai kwa tao la umeme.

Mwanga pia hupitia mlango wa nyuma. Ukiwa na mgongo kwa mlango ulio wazi, au mwenzako akichomelea nyuma yako, mionzi huingia kwa nyuma ya kinga, hugonga kioo kwa ndani na kurudi machoni. Hivyo ndani ya kinga pakwe rangi nyeusi isiyong'aa, na pembeni pafunike hadi karibu na masikio. Ama kwa watoto na wapita njia wanaosimama kutazama, umbali ni kinga yao: umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi hupungua mara nne; ukiongezeka mara kumi, hupungua mara mia. Turubai au bati la kuzingira mahali pa kuchomelea huwalinda vizuri zaidi.

Ukungu wa Pumzi

Fundi wa Dar es Salaam huvua kinga yake kwa ajili ya joto. Fundi wa Njombe na Makete huivua kwa ajili ya ukungu. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi huweza kuwa na baridi ya kugandisha umande. Pumzi ya binadamu hutoka ikiwa na joto na mvuke mwingi. Ikigusa plastiki iliyopoa, mvuke hugeuka kuwa vitone vya maji, na vitone hivyo hutawanya mwanga, dirisha likawa jeupe. Hapo mtu hapaswi kulaumiwa kwa ukaidi anapovua kinga. Amevua kwa kuwa haoni.

Zipo tiba tatu. Ya kwanza ni njia ya pumzi: chini ya kidevu paachwe wazi, na kati ya pua na dirisha pawekwe ukingo wa ngozi au kitambaa kizito wa kuielekeza pumzi chini. Ya pili ni matundu ya hewa upande wa juu, yaliyofunikwa kwa vibati vilivyoinama ili hewa ipite kwa kona na cheche isipate njia iliyonyooka. Ya tatu ni sabuni. Tone la sabuni ya maji likipakwa ndani ya plastiki na kupanguswa taratibu hadi lisionekane, hulegeza mvutano wa uso wa maji. Mvuke basi hauwi vitone. Hutandaa kuwa utando mwembamba ambao macho huona kupitia kwake. Tiba hiyo hurudiwa kila siku.

Chapeo Moja, Madirisha Mawili

Ipo saa moja ya hatari ambayo mafundi wengi huisahau. Fundi amemaliza kuchomelea. Anainua kioo cheusi, kwa kuwa moto umezimika na hawezi kuona kitu kwa giza lake. Kisha anachukua nyundo na kugonga ganda la makapi lililoganda juu ya mshono. Ganda hilo ni la moto, ni gumu, na huruka kwa ncha kali. Macho yamo wazi kabisa, na uso umeinamia kazi.

Hapa ndipo chapeo ya mdomo wa chura inapofundisha tena. Mbunifu wake alitambua kwamba mahitaji ya kuona na mahitaji ya kujikinga hubadilika kati ya nukta moja na nyingine, akaunda kifaa kinachofuata mabadiliko hayo kwa mwendo wa kichwa tu. Kinga ya kuchomelea ifuate mwendo huo huo. Iwe na madirisha mawili. La ndani liwe la polikaboneti angavu, lisiloinuliwa kamwe wakati wa kazi. La nje liwe la kioo cheusi, lenye bawaba juu, linaloshuka wakati wa moto na kuinuka wakati wa nyundo na grinda. Mbele ya kioo cheusi pawekwe kipande cha kioo cha bei nafuu cha kupokea cheche, kibadilishwe kikichakaa. Asiyeweza kutengeneza madirisha mawili avae miwani angavu ya kazi chini ya kinga yake ya kawaida. Matokeo ni yale yale.

Mwili wa kinga usiwe wa bati tupu, kwani chuma hupitisha umeme na joto, na uzito wake huchosha shingo. Ngozi ngumu au nyuzi zilizoshikamanishwa kwa gundi isiyoshika moto ni bora. Kifaa kizito huning'inizwa ukutani mapema kuliko kifaa chepesi.

Kioo na plastiki hasa ndivyo vya kununuliwa. Sehemu nyingine zote fundi aweza kuziunda. Ufundi wenyewe haukosekani. Wapangwa wa milima ya Ludewa waliyeyusha chuma na kufua majembe kwa vizazi vingi kabla ya viwanda kufika.

Jicho Likishaumia

Chembe ikiingia jichoni, mtu asisugue. Mwenzake asijaribu kuitoa kwa njiti ya kiberiti au ncha ya kitambaa. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi, na chembe isipotoka mgonjwa aende hospitali. Jicho likiwa limetobolewa, lisioshwe wala kukandamizwa. Lifunikwe kwa kikombe kisafi kisicholigusa, na safari ya hospitali ianze mara moja.

Mtu aliyekuwa akigonga chuma kwa chuma, akahisi mchomo mdogo uliopita upesi, naye aende akapimwe hata kama haumwi. Kipande cha chuma kinaweza kutoboa jicho na kukaa ndani kimya. Huko hupata kutu kama chuma chochote penye unyevu, na kutu hiyo huidhuru retina kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Kwa macho yaliyounguzwa na tao la umeme, vitambaa vya maji safi ya baridi na chumba chenye giza huleta nafuu, na kwa kawaida konea hupona kwa siku moja hadi tatu. Maziwa, maji ya viazi na dawa za majani visitiwe jichoni, kwa sababu konea iliyochubuka ni mlango wazi kwa vijidudu. Matone ya ganzi anayotumia daktari wakati wa kupima nayo hayafai kuchukuliwa nyumbani, kwani yakirudiwa huchelewesha konea kupona na yaweza kuiharibu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Karakana ya mtu mmoja na kijana wake pia ina mwajiri na mfanyakazi, hata kama hakuna aliyetia saini mahali. Kwa hiyo fundi anayekaa leo kujitengenezea chapeo, baada ya kupima tundu, kuchagua namba ya kioo na kupachika plastiki kutoka mbele, atakuwa amemaliza nusu ya kazi. Atakuwa ameimaliza yote atakapotengeneza ya pili, na kumvisha kijana anayemshikia chuma.